Kubadilisha Dashibodi ya Motaboti ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Wenye Boti Ziwani

Ubao wenyewe ndio kazi rahisi. Mafundi wa mbao wa soko la Kibuye, Kisumu, watakukatia kipande cha mvule, wakipige msasa na kukipaka vanishi mpaka kiwake, nawe utarudi nyumbani ukidhani mambo yamekwisha. Shida iko nyuma ya huo ubao: nyaya zilizoguswa na kila fundi aliyewahi kupita, geji za Uingereza zinazosomeshwa na sensa za Marekani, na ile ameta (kipimo cha mkondo wa umeme) kuukuu inayobeba karibu umeme wote wa boti. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa nyuma ya ubao muda mrefu kuliko mbele yake.

Boti ninazozungumzia ni zile za mbao au faibaglasi za miaka ya 1950 hadi 1970, zenye injini ya ndani ya petroli au mashine ya kufungwa nyuma. Ukizunguka Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria au ukienda Naivasha bado utazikuta, nyingi zikiwa zimefunikwa turubai, mwili mzima lakini dashibodi imepasuka na geji zimejaa ukungu.

Kwanza jua boti yako inatumia umeme gani

Kabla ya kununua hata skrubu moja, chukua multimita ukapime betri. Boti za kale sana zilitumia volti 6, nyingi ni volti 12, na chache kubwa ni volti 24. Kisha fuata kwa macho zile kebo mbili nene za betri uone ni ipi inayoishia kwenye bloku ya injini. Tumezoea iwe hasi. Boti nyingi za Uingereza zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 ziliunganishwa kinyume: chanya ndiyo ethi, yaani upande uliofungwa kwenye bloku. Ukifunga geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ya kisasa kwenye boti ya namna hiyo bila kujua, utaiunguza papo hapo, na muuzaji hatakurudishia pesa.

Ukikuta ethi ni chanya, simama hapo. Unaweza kutafuta geji za enzi hiyo zilizofanyiwa ukarabati, au umpe fundi mzoefu wa umeme abadilishe mfumo mzima uwe hasi. Kazi hiyo inahusu dinamo, ambayo lazima izoeshwe upya mwelekeo wa umeme, inahusu nyaya za koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche), na inahusu ameta. Isifanywe nusu nusu huku dashibodi iko wazi na mvua ya jioni inakuja kutoka upande wa Kano.

Picha, mchoro, na lebo

Piga picha mbele na nyuma ya dashibodi kwa simu, nyingi kuliko unavyoona zinahitajika, ukisogea karibu mpaka herufi zilizochapwa nyuma ya kila geji zisomeke. Kwa kawaida utaona I au + kwa umeme unaotoka kwenye swichi, G au GND kwa ethi, S au SEND kwa waya wa sensa. Halafu chora. Picha haioneshi waya uliopita chini ya mwingine, lakini mchoro wa kalamu kwenye daftari utakuonesha.

Kila waya ufunge kitambaa kidogo cha tepu ya karatasi na uandike: unatoka wapi, unaenda wapi. Rangi peke yake usiziamini. Katika boti za Marekani kuna desturi inayofuatwa na wengi: zambarau ni umeme wa swichi, kijivu ni RPM, samawati hafifu ni presha ya oili, rangi ya kaki ni joto la maji, waridi ni sensa ya tangi, nyeusi ni ethi, nyekundu inatoka betri moja kwa moja, na manjano yenye mstari mwekundu inaenda stata. Ni mwanzo mzuri. Lakini boti iliyoishi Kisumu miongo minne imetengenezwa kwa waya wowote uliokuwa dukani siku hiyo. Utakuta waya wa spika ukiendesha pampu ya maji.

Maji yetu hayana chumvi, na hilo huwadanganya watu. Waya unaonekana mzima, ganda halijapasuka, lakini ukichuna ncha unakuta shaba imegeuka nyeusi au kijani ndani kwa ndani kwa sababu ya unyevu. Chuna sentimita moja. Ikiwa bado ni nyeusi, kata zaidi. Ikiwa weusi unaendelea hata baada ya sentimita kumi, waya huo haurudi kwenye boti.

Kung'oa bila kuumiza mtu wala injini

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kukaa kwenye ngama, chini kabisa mwa boti. Fungua vifuniko vyote vya injini, acha upepo upite, nusa kwa pua yako mwenyewe. Ndipo uitoe betri kabisa, ukianza na kebo ya upande wa ethi, na uiweke nje ya boti. Kuzima swichi tu hakutoshi, kwa sababu ule waya mwekundu unabaki na umeme.

Usukani mara nyingi umepitia kwenye dashibodi, kwa hiyo lazima utoke kwanza. Shafti yake huchongoka kidogo kuelekea mwisho, na baada ya miaka mingi gurudumu hushika kama limelehemiwa. Legeza nati lakini usiitoe. Iache ishike nyuzi tatu nne za mwisho, kisha ndipo uvute kwa pula ya gurudumu. Gurudumu likiachia ghafla litagonga nati badala ya meno yako. Angalia pia kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa shafti. Kikianguka ngamani, utakitafuta kwa sumaku mchana kutwa.

Kuna geji mbili za zamani ambazo hazina waya kabisa. Ya kwanza ni ya presha ya oili yenye kibomba chembamba cha shaba kinacholeta oili yenyewe mpaka nyuma ya dashibodi. Ifungue na kitambaa mkononi, na uzibe upande wa injini vizuri. Ya pili ni ya joto, yenye kibomba kama hicho kinachoishia kwenye kidonge kilichozama ndani ya maji ya injini. Geji, kibomba na kidonge ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani na kujazwa kimiminika chepesi. Ukikata au ukikunja kibomba kikavunjika, geji imekufa. Ikiwa unataka kuihifadhi, fungua kidonge kutoka kwenye injini na utoe vyote kwa pamoja, ukikizungusha kibomba polepole.

Kibati cha mtengenezaji chenye namba ya boti usikitupe na ubao wa zamani. Kifute kwa sabuni tu, bila msasa, ukirudishe mahali pake. Ukaguzi wa KMA (Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya) ukija, au siku utakapotaka kuiuza, kibati hicho kitakuwa na thamani kuliko vanishi yako.

Geji na sensa: hapa ndipo pesa hupotea

Sensa si kitu cha ajabu. Ni kipande kinachobadilisha ukinzani wake kulingana na joto, presha au kiasi cha mafuta, na geji husoma ukinzani huo. Tatizo ni kwamba viwanda havikukubaliana ni namba gani zitumike. Sensa ya tangi ya Kimarekani husoma omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likijaa. Ya Kizungu, yaani ya Ulaya, mfano zile za chapa ya VDO, husoma omu 10 tupu na takriban 180 likijaa. Umeliona? Moja inapanda, nyingine inashuka. Ukizichanganya, geji itakuambia tangi limejaa wakati unaelekea kuishiwa katikati ya Mbita na Homa Bay. Presha ya oili ina mgawanyiko uleule: Kimarekani omu 240 ni sifuri, VDO omu 10 ni sifuri.

Basi pima sensa zilizoko kabla ya kuagiza geji. Toa waya kwenye sensa, weka multimita kwenye omu, mguu mmoja kwenye kichwa cha sensa na mwingine kwenye bloku. Injini ikiwa imezimwa, sensa ya oili ikisoma karibu na 240 ni ya Kimarekani. Ikisoma karibu na 10 ni ya Kizungu. Tangi nalo, ikiwa unajua kwa kijiti kwamba kuna nusu, soma namba uone iko upande gani. Ukikuta namba haisogei hata mafuta yakiongezwa, kielea kimekwama au kimejaa petroli na kuzama.

Ushauri wangu ni huu: kama bajeti inaruhusu, nunua geji na sensa zake kwa pamoja, kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Hugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini hutalazimika kuwa mpelelezi. Angalia tu nyuzi za sensa, kwa maana za Kimarekani nyingi ni nyuzi za bomba za inchi 1/8 na za Kizungu nyingi ni za milimita, na ukilazimisha utaharibu bloku isiyopatikana tena. Ukifunga sensa, usiizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba mara kumi. Sensa ya waya mmoja hupata ethi yake kupitia nyuzi zake, na tepu ikizidi inaikatia.

Wenye boti za Uingereza wana mtego mwingine. Geji nyingi za Smiths za mafuta na joto, kuanzia miaka ya 1960, zilifanya kazi kwa volti 10, zikipewa na kiboksi kidogo cha kutuliza umeme kilichofungwa nyuma ya dashibodi. Ukibakiza geji hizo, bakiza kiboksi. Ukifunga za kisasa za volti 12, kiondoe, la sivyo kila kitu kitasoma chini.

Geji yenyewe nayo ijaribiwe mezani kabla ya kuingia kwenye ubao. Ipe umeme wa betri kupitia fyuzi ndogo, kisha gusa S kwa ethi kidogo tu, uache. Geji ya joto itakimbilia moto, ukiachia itarudi baridi. Ya mafuta ya Kimarekani itakimbilia kujaa, ya Kizungu itashuka kwenye tupu. Jaribio hilohilo linafaa hata boti ikiwa majini. Kijana wa umeme wa magari atakuambia, "Mzee, hii geji imekufa, tutafute ingine." Mwambie, "Kijana wangu, hebu tuguse ethi kwanza." Mara nyingi mshale utaruka, na mtajua tatizo liko kwenye waya au sensa.

Geji ya RPM ina tabia yake. Nyuma yake kuna kitufe cha kuchagua. Kwa injini ya ndani ya petroli unaweka idadi ya silinda, 4, 6 au 8, na waya wa kijivu unatoka upande hasi wa koili. Kwa mashine ya nyuma, inahesabu mapigo ya kichajio, kwa hiyo utaona 4P, 5P, 6P. Kichajio chenye poli (ncha za sumaku) 12 hutoa mapigo 6 kwa mzunguko, hivyo ni 6P. Soma kitabu cha mashine yako. Weka kitufe kabla ya kufunga geji kwenye ubao, maana baadaye mkono hauingii.

Ameta, taa ya chaji na swichi ya ufunguo

Ameta ya zamani inapitisha umeme wote wa boti, isipokuwa ule wa stata. Ina maana waya mnene unatoka kwenye betri, unapanda dashibodini, unapita kwenye boliti mbili ndogo nyuma ya kioo, na kurudi. Boliti hizo zikilegea zinapata moto. Mimi huziondoa bila kusita na kuweka voltimita. Lakini ukiondoa ameta na kuziacha nyaya zake mbili zikining'inia, boti imekufa: hakuna swichi, hakuna chaji. Ziunganishe pamoja kwa boliti na nati, ndani ya kiboksi kilichofunikwa, mbali na chuma chochote. Voltimita haikai katikati ya njia. Mguu mmoja unaenda kwenye umeme wa swichi, mwingine kwenye ethi. Injini ikiwa imezimwa, itasoma kama 12.6. Ikinguruma na kuchaji, kati ya 13.8 na 14.4.

Ile taa nyekundu ya chaji watu huitoa kwa sababu haipendezi kwenye ubao mpya. Alternata nyingi huamshwa na umeme mdogo unaopita ndani ya taa hiyo. Ukiitoa, alternata inaweza kukaa kimya mpaka ukanyage mafuta sana, au isichaji kabisa. Ukiweka ya LED, umeme unaopita ni mdogo mno, tokeo ni lilelile. Weka balbu ya kawaida ya wati 2.2 hivi, na utafute mahali pa kuiweka ipendeze.

Swichi ya ufunguo ndiyo inayounguza mashine za nyuma. Swichi ya injini ya ndani hupeleka umeme kwenye koili ili injini iwake. Ya mashine ya nyuma yenye magneto (kifaa kinachotoa cheche bila betri) hufanya kinyume: ina vichwa viwili vyenye herufi M, na ukizima ufunguo inaviunganisha na ethi ili cheche zife. Swichi mbili hizi zinafanana kwa sura. Ukipeleka volti 12 kwenye waya wa M, umeua kisanduku cha cheche, na bei yake utaijua ukishaulizia Nairobi. Linganisha herufi za swichi mpya na za zamani moja moja.

Ubao

Sasa raha kidogo. Chukua kartoni ngumu, uitege juu ya tundu la dashibodi, uichore kutoka nyuma kwa penseli, ukate. Ijaribu, punguza, ijaribu tena. Ukitumia ubao wa zamani kama kipimo, kumbuka kwamba umeshapinda na kunywea.

Kwenye kartoni hiyo panga geji. Pima mwili wa geji, achana na ukingo wake wa kung'aa. Geji ndogo nyingi huhitaji tundu la milimita 52, yaani inchi 2 na 1/16, na kubwa za RPM na kasi milimita 86 hivi. Za kale zinaweza kuwa na vipimo vyao. Pima kina pia, pamoja na ile fremu ya kubana na vichwa vya waya, usije ukakuta geji inagonga kebo ya usukani.

Mpangilio wa asili mara nyingi uliwekwa kwa uzuri. Ziwani kwetu ningeuvunja kwa jambo moja: geji ya joto ikae karibu kabisa na RPM, mbele ya macho ya nahodha. Tangu miaka ya 1990 magugu maji yamekuwa yakijaa Winam kwa misimu, na yakiziba tundu la maji ya kupozea, injini hupata moto haraka kuliko unavyoweza kusema. Geji iliyojificha nyuma ya gurudumu haitakuokoa. Ongeza na king'ora kidogo cha joto, chenye swichi yake kwenye bloku. Geji ya kasi ya mtindo wa kibomba cha maji, kwa upande mwingine, iache kama pambo. Mizizi ya magugu huziba kale katundu kila mara, na simu yako inasoma kasi vizuri kuliko hiyo.

Kuhusu mti: ubao mmoja mzito wa mvule unapendeza lakini ukitobolewa matundu sita hupinda na kupasuka katikati ya tundu na tundu. Napendelea plaiwudi ya marini ya milimita 9 au 12, iliyobandikwa juu ganda jembamba la mvule au mahogani. Hapa pana mtego wa dukani. Ukiuliza plaiwudi ya marini kwenye hadiwea, wengi watakupa ile yenye uso mweusi au wa kahawia unaoteleza, ya kumwagia zege. Hiyo ni ya ujenzi. Angalia ukingoni: ya boti ina tabaka nyingi nyembamba zisizo na mapengo, na mara nyingi ina alama ya BS 1088.

Ukitumia mvule, vaa barakoa. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Na usishangae msumeno ukipoteza makali upesi, kwani mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake.

Matundu hutobolewa kwa ule msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye drili. Bandika tepu ya karatasi juu ya uso, anza kutoboa mbele mpaka ncha ya katikati itokeze nyuma, kisha geuza ubao umalizie kutoka nyuma. Hivyo uso haupasuki. Fanya jaribio kwenye kipande cha taka na uingize geji. Inafaa kuingia bila kulazimishwa na bila kucheza.

Sehemu inayooza kwanza ni ule ukingo wa ndani wa matundu, mbao ikiwa wazi na hakuna anayeiona. Paka epoksi nyembamba mbele, nyuma, kingo zote na ndani ya kila tundu, mara mbili. Ikikauka, msasa namba 220, halafu vanishi ya boti yenye kinga ya jua. Ya samani itaanza kubanduka kabla mwaka haujaisha, kwa jua hili la ikweta. Mikono sita hadi minane, kwa msasa wa 320 katikati. Paka asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuta vumbi, na usiache kazi mbichi chini ya taa usiku. Wale wadudu wadogo wa ziwani watakuja kwa maelfu na kufia kwenye vanishi yako, kila mmoja na mabawa yake.

Nyaya mpya

Fanya kazi hii mezani, ubao ukiwa umelala kifudifudi juu ya blanketi. Tumia waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Milimita 1 za mraba zinatosha sensa na taa za geji, 2.5 kwa pampu ya ngama, 6 kwa waya mkuu wa kuleta umeme dashibodini. Waya wa nyumba wa uzi mmoja usiutumie kabisa. Mtikisiko wa mawimbi utaukata.

Waya mkuu uwe na fyuzi karibu na betri, ndani ya sentimita 18 ukiweza, kwa sababu kipande chochote kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Nyuma ya dashibodi weka kisanduku cha fyuzi: moja ya ampea 5 kwa geji zote, na pampu, honi na taa za kusafiria kila moja na yake. Pampu ya ngama iwe na njia moja kwa moja kutoka betri, nayo ikiwa na fyuzi, ili ifanye kazi hata ukiwa umeondoka na ufunguo. Kwa injini ya ndani ya petroli, swichi yoyote au feni iliyo chumba cha injini iwe ya aina isiyotoa cheche nje.

Ethi za geji zote zikutane kwenye ubapa mmoja wa shaba, na kutoka hapo waya mmoja mnene uende hasi ya betri. Ukiziunganisha moja kwa nyingine kama shanga, ile ya mwisho itapata taabu. Dalili yake ni rahisi kuijua: unawasha taa, na geji zote zinasogea pamoja.

Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake, kisha uvute kwa nguvu. Kikitoka, kilikuwa kinangoja kutoka ukiwa majini. Funika kila kimoja kwa kimpira kinachonywea kikipashwa moto. Acha urefu wa ziada wa kutosha kuulaza ubao kwenye magoti ukiwa ndani ya boti, na ufunge nyaya kwenye mwili wa boti kila sentimita 40 au chini. Kama dira iko dashibodini, nyaya mbili za taa yake zisokotane, na spika za redio zikae mbali.

Taa za geji zipe kipunguza mwanga. Anayerudi Dunga usiku, akipita katikati ya taa za wavuvi wa omena, anahitaji macho yaliyozoea giza, na dashibodi inayowaka kama duka la simu inayapofusha.

Kurudisha na kujaribu

Funga ubao kwa skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, zenye washa, bila kukaza kupita kiasi. Geji nazo zikazwe kwa vidole na robo ya spana tu. Fremu ikibanwa sana hupasua ukingo. Kabla ya kukaza, zizungushe kidogo ili mshale usimame wima injini ikiwa katika hali ya kawaida. Ni ujanja wa madereva wa mashindano: huhitaji kusoma namba, mshale uliolala unaonekana kwa jicho la pembeni.

Rudisha betri, kebo ya ethi ikiwa ya mwisho. Kabla ya kuigusisha, weka multimita ya ampea kati ya kebo na betri, vitu vyote vikiwa vimezimwa. Ikisoma zaidi ya punje, kuna kitu kinakunywa umeme. Toa fyuzi moja moja mpaka ukipate. Washa ufunguo bila kuwasha injini: voltimita ipande, mafuta yasome, joto likae chini, presha sifuri, taa ya chaji iwake. Kwa injini ya ndani, washa feni ya ngama kwa dakika nne, nusa, ndipo uwashe. Presha ya oili ipande ndani ya sekunde chache. Isipopanda, zima, usibishane nayo. Jaribu pia ile kamba ya kuzimia injini kabla ya kufungua kamba za gati.

Safari ya kwanza isiwe ndefu. Kutoka Dunga mpaka usawa wa Hippo Point na kurudi panatosha, ukiwa na mtu wa pili anayeandika: RPM, joto, volti, kasi ya simu. Kama RPM ya mafuta yote haifiki ile ya kitabu, usikimbilie kuilaumu geji. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, yaani karibu sehemu moja ya kumi hapa, na Naivasha zaidi. Huenda unahitaji propela yenye pichi ndogo, yaani inayosonga umbali mfupi zaidi kwa kila mzunguko. Lakini RPM ikisoma nusu au mara mbili ya ile unayoisikia masikioni, rudi kwenye kitufe cha nyuma ya geji.

Ukifika, ingiza mkono nyuma ya ubao uguse vichwa vya waya, fyuzi na swichi. Chochote chenye joto kali kimebanwa vibaya au waya wake ni mwembamba. Baada ya safari chache kaza tena skrubu zote, kisha piga nakala ya mchoro mpya, uitie kwenye mfuko wa plastiki na uibandike nyuma ya kifuniko cha dashibodi, pamoja na fyuzi mbili za akiba za kila namba.